Kufua Kabla ya Kwenda kwa Dobi

"Uvimbe hausubiri kwaya, mama," daktari alisema, akaweka kalamu chini.

Mama Pasi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, kama mtu aliyeingia kuulizia njia tu. Mumewe, fundi viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Kisigino, alisimama nyuma yake kwa sababu kiti cha pili kilikuwa kimekaliwa na mafaili.

"Naomba iwe baada ya Jumapili, daktari. Kuna tamasha. Kwaya zote zinakuja kwetu, na majoho ni mimi ninayeyafua. Jumatatu asubuhi utanikuta mlangoni kabla yako."

"Mara ya kwanza ilikuwa vitambaa vya meza ya Bwana. Ukaja tena, ikawa mapazia ya kanisa. Leo majoho. Safari ijayo tutafua nini, mama, bendera?"

Kisigino alikohoa kuficha kicheko. Mkewe akamgeukia, akamtupia jicho, na kikohozi kikapona palepale.

"Unapoteza damu," daktari aliendelea, sasa bila utani. "Ukienda hivi utaanguka juu ya beseni, na hapo hatutachagua siku. Alhamisi unalazwa, Ijumaa asubuhi tunautoa. Usipokuja nafasi nitampa mwingine, na sijui wewe utaipata lini tena."

"Mungu akipenda," Mama Pasi alisema.

"Mungu ameshapenda, mama. Tunakusubiri wewe."

Hadithi za hospitali huanza na hela, na msomaji hukaa tayari kuona shamba likiuzwa. Hapa hakikuuzwa kitu. Mtoto wao wa kiume, fundi umeme aliyefanya kazi mbali, alishalipa kila kitu, na risiti ilikaa kabatini chini ya vikombe vya wageni. Kwa hiyo majirani walipouliza mbona Mama Pasi haendi kutibiwa, hapakuwa na jibu la kawaida la kuwapa. Alikuwa anaogopa. Na si kwamba aliogopa kisu. Mwanamke aliyezaa mara tatu na kuungua pasi mikono yote miwili haogopi kisu. Aliogopa ule usingizi wa dawa. Aliogopa kufumba macho juu ya meza ya daktari na kuyafumbua mbele za Mungu, kazi yake ikiwa haijatosha.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mama Pasi alitenda wema kisha akakaa palepale kuona kama umepokelewa. Alifua vitambaa vya kanisa bure, alifua majoho ya kwaya bure, akisikia kuna mgonjwa mtaani alikwenda kuchukua mashuka yake kabla hajaitwa. Watu walimsifu, na sifa zile hazikumshibisha hata siku moja. Alikulia kwa shangazi yake, katika nyumba ambayo sahani ilikuja baada ya kazi, na kama kazi haikumpendeza shangazi, sahani ilirudi jikoni. Nyumba ile hakuwahi kuitoka. Aliolewa, akazaa, akazeeka, na ndani yake bado kuna kasichana kalikosimama mlangoni mwa jikoni kila jioni, kakisubiri kuambiwa kama leo katakula.


Alasiri ya siku ileile Mwalimu alikuja na mfuko unaochuruzika maji.

Mwalimu alifundisha shule ya jirani na aliishi na mama yake mzazi, ambaye hakuwa anaweza tena kuinuka kitandani. Kila wiki alileta mashuka kwa Mama Pasi, na kila wiki yalifika yamelowa.

"Mwalimu, umepita mtoni?"

"Nimesuuza kidogo tu, Mama Pasi."

Mama Pasi alitoa shuka mfukoni, akalikunjua mlangoni penye mwanga. Lilinukia sabuni. Katikati palikuwa na doa la kahawia, pana, kingo zake zimekaza.

"Umetumia maji gani?"

"Ya moto. Nilidhani yatasaidia."

"Umelipika. Hili doa lilikuwa linatoka kwa maji baridi, bila hata kelele. Sasa umelipika, limeiva." Akalikunja kwa hasira ya kazi, si ya mtu. "Mimi ni dobi, Mwalimu. Nikiona nguo chafu sishangai. Umeshaona daktari akishangaa kuona mgonjwa? Ukifua kwanza unanipa kazi mara mbili na bado haitakati. Lete kama ilivyo."

"Inanuka."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Mwalimu alitazama sakafu. Alikuwa mtu wa kusimama mbele ya darasa zima na kunyamazisha watoto kwa kuinua nyusi, lakini hapo sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni mama yangu. Sitaki watu waone alipofikia."

"Watu hawaoni. Naona mimi peke yangu," Mama Pasi alisema, sasa kwa upole. "Wiki ijayo lete kama ilivyo. Sawa?"

"Sawa."

Wote wawili walijua wiki ijayo shuka litakuja limelowa. Mwalimu alipoondoka, Kisigino, ambaye meza yake ya viatu ilikuwa pale barazani, alitoa misumari mdomoni akasema, "Huyo habadiliki."

"Watu wana vichwa vigumu," Mama Pasi alijibu, akarudi uani kuloweka vitambaa vya kanisa.


Jumanne mchungaji alikuja na akina mama wachache kumwombea. Alikuwa kijana bado, mwenye moyo mzuri na ulimi mwepesi, na alipenda kuona nyuso zinacheka.

"Mimi kwa mama huyu sina wasiwasi," alisema, kikombe cha chai mkononi. "Kwa kazi alizozifanya, huyu akikosa mbingu sisi wengine tufunge kanisa. Kiti chake kule kimeshapigwa pasi."

Akina mama walicheka. Mama Pasi akatabasamu, kwa kuwa wageni ni wageni. Kisigino alikuwa amesinzia kwenye kona yake, kama alivyosinzia kanisani kila Jumapili, jambo lililomtia mkewe aibu tangu ujana wao. Mchungaji aliyekuwepo kabla ya huyu aliwahi kumuuliza mbele ya watu, "Mzee, wewe unamfanyia Mungu nini?" Kisigino akajibu, "Namshukuru." Ndiyo basi. Mama Pasi hakumsemesha wiki nzima.

Wageni walipoondoka, binti yao, aliyeuza dawa katika duka la karibu na aliyerudi nyumbani kumhudumia mama yake, alianza kukusanya vikombe.

"Umesikia alivyosema?" Mama Pasi aliuliza. "Amesema kwa kazi zangu."

"Si amekusifu, mama?"

"Amenisifu. Lakini kama ni kwa kazi, mwanangu, nani anajua zinatosha?"

Binti alipeleka vikombe jikoni, akafungua maji. Mama yake alimfuata taratibu, mkono mmoja tumboni, akamnyang'anya kikombe na kuviosha vyote mwenyewe.


Majoho ya kwaya yalikuwa meupe, yenye kola nyekundu za kufunga kwa vifungo. Mtoto wa dobi anajua kwamba kola hutolewa kwanza, zinafuliwa peke yake, na maji yake yanamwagwa mbali. Mama Pasi alikuwa amefanya hivyo miaka yote kwa mpangilio uleule: anakalia kigoda, anafungua vifungo, anapitisha mkono ndani ya kila joho kuhakikisha hakuna kilichobaki.

Jumatano hakukalia kigoda. Akikaa tumbo liliuma zaidi, kwa hiyo alisimama, na akiwa amesimama aliona kizunguzungu, kwa hiyo aliharakisha, akazitoa kola bila kuzihesabu wala kupitisha mkono ndani ya majoho. Binti alitaka kusaidia, akaambiwa aende kazini. "Jikaze kisabuni," Mama Pasi alijiambia kwa sauti, akayatumbukiza majoho yote kwenye pipa kubwa lenye maji ya uvuguvugu, akamimina sabuni, akakoroga, kisha akaenda kulala kidogo. Kidogo ikawa mchana mzima.

Alipoamka na kurudi uani, maji ya pipa yalikuwa mekundu kama sharubati. Aliinua joho moja, akaliweka chini. Akainua lingine. Ndani ya mkono wa joho la tatu kulikuwa na kola imejikunja, imejificha kama mtoto aliyefanya kosa.

Hakulia. Alimwaga maji, akasuuza, akasuuza tena. Dawa ya weupe hakuweza kutia kwa sababu kitambaa kile ukikitia dawa kinageuka njano, na yeye ndiye aliyewahi kuwaonya wengine. Jioni mwenyekiti wa kwaya alipofika kuchukua mzigo, majoho yalikuwa yamening'inia kwenye kamba, safu kwa safu, yote na wekundu wake hafifu.

Mwenyekiti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na alipenda vitu vikae sawa. Hakuwa mtu mbaya. Alitembea kati ya kamba, akashika upindo wa joho moja kwa vidole viwili.

"Mama Pasi. Hii ni nini?"

"Ni kola. Moja ilibaki ndani."

"Moja imefanya yote haya?"

"Moja tu."

"Kwaya za watu zinakuja Jumapili, na sisi tutasimama mbele yao na majoho ya rangi ya ufizi." Alisema taratibu, na hiyo taratibu ndiyo iliyoumiza. "Kama ulikuwa unaumwa ungesema, tukampa mtu mwingine. Huduma hailazimishwi, mama."

"Nitayarudisha. Nipe hadi Jumamosi."

"Si kesho unalazwa?"

"Nipe hadi Jumamosi."

Mwenyekiti alimtazama, akatazama kamba, akaondoka bila kuaga. Mama Pasi alianza kuyaanua majoho moja moja, yakiwa bado mabichi, na kuyarudisha majini.


Alhamisi asubuhi jirani mwenye gari alikuwa amesimama nje, injini inanguruma. Begi la hospitali lilikuwa tayari mlangoni. Binti alilipanga na kulipanga upya. Mama Pasi alikuwa uani, mikono ndani ya beseni hadi viwikoni, uso wake umepauka kama jivu.

"Mama, gari," binti alisema kutoka mlangoni.

"Mwambie aende kazini kwake. Sitakwenda leo."

Binti alimtazama baba yake kwa macho ya mtu anayezama. Kisigino akamfanyia ishara ya mkono, subiri. Akabeba kile kiti chake kifupi cha ufundi, akakileta uani na kukaa karibu na beseni, magoti yake yakigusa pipa. Aliangalia mikono ya mkewe ikifikicha joho lililokuwa limeshafikichwa.

"Unaogopa nini?" aliuliza mwishowe. "Niambie mimi. Kanisa halipo hapa."

"Naogopa kulala."

"Watu wanaamka, mama watoto. Daktari yule anapasua kila siku."

"Na wengine hawaamki." Alikamua mkono wa joho hadi maji yakaisha, akaendelea kukamua. "Nikienda leo, baba, ninaenda na nini mkononi? Nilikuwa na hii kazi. Tangu nilipokuwa msichana nimefua, nimepiga pasi, nimekunja, ili siku hiyo niwe na kitu. Na cha mwisho nilichofanya ni hiki. Nikiulizwa umeleta nini, nioneshe nini? Majoho ya rangi ya ufizi?"

"Nani atakuuliza umeleta nini?"

"Mungu."

"Huyo ni shangazi yako."

Mikono ya Mama Pasi ilisimama. Shangazi hakutajwa katika nyumba ile, si kwa wema wala kwa ubaya.

"Mungu si shangazi yako," Kisigino alisema tena, polepole. "Shangazi alikupa sahani baada ya kazi. Mungu amekupa Mwanawe wakati wewe hata beseni huna. Ni watu wawili tofauti hao."

"Kwako ni rahisi kusema. Wewe hujawahi kufagia hata ngazi ya kanisa."

"Kweli kabisa. Na mbinguni nitaingia."

"Kwa kiburi hicho?"

"Kiburi kingekuwa kusema naingia kwa viatu nilivyoshona, na viatu vyangu unavijua." Mdomo wa mkewe ulitikisika kidogo, akauzuia. "Nitaingia kwa sababu Yesu amesema niingie, na mimi nimemwamini. Sina kingine mfukoni. Yule mwizi aliyetundikwa pembeni yake alikuwa amefua joho gani? Mikono ilikuwa imepigiliwa misumari, asingeweza kukunja hata leso. Aliomba akumbukwe tu, akapewa nafasi siku hiyohiyo."

"Yule hakuwa na muda. Mimi nilikuwa nao, nikauharibu."

Hapo Kisigino alikwama. Si msomi wala si mhubiri, na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa yamekwisha. Nje, jirani alipiga honi kidogo, kwa adabu. Kisigino alikuna kidevu, akatazama kamba, na macho yake yakaangukia shuka la Mwalimu lililokuwa limeanikwa peke yake mwishoni, na doa lake la kahawia katikati, limeshinda kila sabuni.

"Hebu niambie," alisema. "Mwalimu unamgombeza nini kila wiki?"

"Mwalimu anaingiaje hapa?"

"Nijibu tu."

"Namgombeza kwa sababu ana kichwa kigumu. Anafua nguo kabla ya kuileta kwa dobi."

"Ubaya wake uko wapi? Si anakupunguzia?"

"Ananipunguzia nini, baba, anaharibu. Analipika doa kwa maji ya moto, halafu ananiletea mimi. Nimemwambia mara ngapi, aniachie. Kama anaamini mimi ni dobi, alete kama ilivyo, aibu yake aiache mlango..."

Hakumaliza. Alibaki ameinama juu ya beseni, mikono ndani ya maji mekundu, akiangalia joho kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyelishika. Kisigino, ambaye maisha yake yote hakujua wakati wa kunyamaza, safari hii alijua.

Kilichoanza kilikuwa kama kwikwi. Mabega yake yalitikisika, binti akakimbia kutoka mlangoni akidhani ni maumivu, kumbe mama yake anacheka. Alicheka akishika tumbo, akisema "ananiua huyu, jamani, mume huyu ananiua," na kicheko kikageuka kilio katikati, kisha kikarudi kuwa kicheko, mpaka pua ikachuruzika na hakuwa na mkono mkavu wa kuifuta.

"Nimelipika," alisema alipopata pumzi. "Miaka yote hii. Namgombeza Mwalimu, na mimi mwenyewe nimekaa jikoni nachochea moto."

"Bado linatoka," Kisigino alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye kazi yake."

Mama Pasi aliitoa mikono majini. Kisigino akavua aproni yake ya ufundi, iliyonuka gundi na ngozi, akamfuta mkono mmoja, kidole kwa kidole, halafu mwingine. Mkewe akamwachia amfute. Binti alisimama palepale, hajawahi kuona mama yake akifutwa mikono na mtu.

Dobi yeyote atakwambia nguo haiachwi ndani ya maji yaliyoingia rangi. Mama Pasi alifika mlangoni, akageuka, akayatazama majoho yamelala kwenye beseni, mengine kwenye pipa, kazi imekatika katikati. Alivuta pumzi ndefu. Kisha akaingia ndani ya gari la jirani, akakaa, akaegemeza kichwa chake kwenye bega la mumewe lenye harufu ya gundi.


Ijumaa asubuhi mchungaji aliwahi hospitali kabla ya wauguzi kubadilishana zamu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, akashika mkono wa Mama Pasi, akafunga macho.

"Mchungaji," Mama Pasi alisema kabla hajaanza. "Usitaje majoho."

Mchungaji alifungua macho.

"Wala vitambaa, wala mapazia. Usimwambie Mungu nimefanya nini. Mwombe tu anipokee kama nilivyo, nikiamka na nisipoamka."

Kijana yule alisogeza kiti karibu zaidi. Unaweza kusoma miaka chuoni ukajua jambo vizuri kwenye mtihani, halafu ukaingia sebuleni mwa watu na kulisema kinyume kwa sababu umepewa chai na unataka wacheke. "Mama, nilikwambia vibaya Jumanne," alisema. "Nisamehe."

"Ulitaka kunifurahisha."

"Nilitaka kuchekesha watu." Akaomba. Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na haikutaja kazi ya mtu yeyote isipokuwa ya Yesu.

Muuguzi alikuja na gauni la upasuaji. Akamwomba Mama Pasi avue kila kitu: kitambaa cha kichwa, hereni, pete ya ndoa iliyogoma hadi ikatiwa sabuni. Gauni lilikuwa limefuliwa ovyo, na upindo wake una doa la dawa ambalo Mama Pasi angelitoa kwa dakika chache tu. Alilitazama, akataka kusema, akaliacha. Kisigino alipokea pete akaivaa kwenye kidole chake kidogo ili isipotee.

Walipoanza kumsukuma, Mama Pasi alijichunguza kama anaogopa. Alikuwepo woga, ndiyo, ila ulikuwa woga wa kawaida wa mtu anayekwenda kupasuliwa. Ule mwingine, ule wa mlango wa jikoni, aliutafuta asiuone. Alikuwa hana kitu mkononi, hata pete, na alishangaa jinsi mikono mitupu ilivyo myepesi. Muuguzi alimwambia ahesabu kurudi nyuma, na kabla hajafika mbali alikuwa amelala kama mtoto aliyeshiba.


Aliamka. Hilo nalisema mapema ili msiendelee kubana pumzi. Aliamka ana kiu na ana hasira, na daktari alisema hizo ni dalili nzuri. Uvimbe ulitoka wote, na majibu ya maabara baadaye yalisema haukuwa wa kutisha. Binti yake aliposikia alikaa sakafuni pale kwenye ukumbi wa hospitali, akafunika uso kwa mikono, na watu wakampisha wakidhani amefiwa. Kisigino alilazimika kuwaambia, "Hapana, huyu amefurahi. Ndivyo tulivyo."

Jumapili jioni, saa ya kuona wagonjwa, mwenyekiti wa kwaya aliingia wodini bado amevaa joho. Mama Pasi alifumba macho akayafumbua. Rangi ilikuwa ileile.

"Binti yako aliyasuuza akayaanika," mwenyekiti alisema. "Tukayavaa. Tungevaa nini kingine? Nilisimama mbele nikatamani ardhi ipasuke." Aliketi kitandani, ambako hakutakiwa kuketi. "Tukaimba. Tulipomaliza, viongozi wa kwaya mbili za wageni wakanifuata. Wanataka kujua nani alitutilia rangi hii. Wanasema imetulia."

"Waambie kola," Mama Pasi alisema, na kicheko kikamfanya ashike mshono. "Usinichekeshe, nitapasuka."

Mwenyekiti hakucheka. Alichezea upindo wa joho. "Niliondoka kwako bila kuaga. Ulikuwa unavuja damu na mimi nikazungumzia ufizi. Sijalala vizuri."

"Yameisha."

"Nimekuja nifanye kitu. Nipe hata nguo zako za kulalia nikafue."

Mama Pasi alifungua mdomo kukataa. Jibu lilikuwa tayari, lile la siku zote: acha tu, nitafua mwenyewe nikitoka. Hakuna aliyewahi kumfulia tangu afike kimo cha kufikia kamba. Alimwona Kisigino pembeni ya dirisha akijifanya anaangalia nje.

"Ziko kwenye mfuko, chini ya kitanda," alisema. "Ni chafu."

Zilirudi kesho yake zina mikunjo mgongoni, na kola imepigwa pasi ikaenda upande. Mama Pasi alisema asante, akavaa hivyohivyo, akalala.


Aliporudi nyumbani alikatazwa kuinua hata kata ya maji. Akawekewa kigoda mlangoni mwa chumba cha kazi, binti anafua, yeye anaelekeza. Alielekeza sana. Kisigino alisema barazani kwamba uvimbe umetoka lakini mdomo wameuacha. Vitambaa vya kanisa viliendelea kuja na vikaendelea kufuliwa, kwa sababu vilikuwa vichafu, na siku binti alipochoka vilikaa hadi kesho yake bila mtu kukosa usingizi.

Alasiri moja Mwalimu alitokea kwenye kona. Alitembea polepole, mfuko ameushikilia kifuani kwa mikono yote miwili, na mfuko ulikuwa mkavu. Alifika akasimama mbali kidogo na mlango.

"Nilikuja hospitali ukiwa umelala," alisema. "Mzee Kisigino akaniambia yaliyotokea uani kwenu. Amesema mimi ndiye niliyekupeleka kupasuliwa."

"Huyo mzee hana siri."

"Sijafua," Mwalimu alisema haraka, kama mtu anayekiri kosa. "Usiku wa jana ulikuwa mbaya kwa mama. Nilichemsha maji, nikasimama nayo, nikayamwaga. Sijasuuza hata kidogo. Mama Pasi, ni chafu sana."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Harufu ilishafika mlangoni kabla yake. Binti alisimama na ndoo mkononi, na barazani nyundo ya Kisigino ilinyamaza.

Mama Pasi alinyoosha mikono yote miwili akaupokea mfuko, akauweka magotini pake, karibu na mshono.

"Sasa umefika kwa dobi," alisema. "Kaa hapo upumzike, Mwalimu. Binti, lete maji baridi."